Utamu wa Utoto na Deni Lake: Tafakuri juu ya Mtaa wa Musaga

Kila mwaka sisi walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi wetu insha ambayo kichwa chake hakibadiliki sana: "Siku za Utoto Wangu." Ni insha nyepesi kuitoa, kwani kila mtu amepata kuwa mtoto, na hakuna mwanafunzi awezaye kusema kwamba hana la kuandika. Huwasahihishia upatanisho wa kisarufi, huwaonyesha namna ya kupanga aya, na huwasifu waliotumia methali mahali pake. Lakini ni mara chache tumejiuliza kama jambo hili lililo jepesi kwa upande wa sarufi ni jepesi pia kwa upande wa maadili. Kumbuka utoto wako, twasema, uueleze kwa lugha fasaha. Je, kukumbuka ni kitendo kisichoingia haki wala dhuluma? Je, mtu aweza kusema maneno ya kweli matupu juu ya utoto wake, na hata hivyo akawa amemdhulumu mwenziwe?

Swali hili halikututoka vitabuni. Lilitujia siku tulipoiandika insha hiyo sisi wenyewe, ili wanafunzi wapate kielelezo. Tuliandika juu ya Musaga, mtaa wa kusini mwa mji wa Bujumbura tulikolelewa, katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Tuliandika juu ya bomba la maji, mpira wa matambara, na majirani waliokula chungu kimoja. Wanafunzi waliifurahia. Siku chache baadaye tulimwonyesha insha hiyo mwenzetu mmoja wa utotoni, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaturudishia.

"Mwalimu," akasema, "umeandika vizuri. Sikuona neno la uongo. Lakini baiskeli ya kwetu hukuiandika."

Habari ya baiskeli hiyo tutaifikia. Kwa sasa yatosha kusema kwamba maneno yale yalitunyima raha, na makala haya ni jaribio la kuyajibu.

Kwanza tuueleze mtaa wenyewe, kwa ajili ya msomaji wa Tanga au Mombasa ambaye labda hajapata kufika kwetu. Bujumbura, ambayo zamani iliitwa Usumbura, ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897. Wabelgiji waliiteka mwaka 1916, na mpaka siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962, ilikuwa makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi. Serikali ya kikoloni iliwapangia Waafrika mitaa yao ya kukaa: Buyenzi, na ule ulioitwa Belge ambao leo ni Bwiza, na baadaye, katika miaka ya 1950, Ngagara. Musaga uko ng'ambo ya mto Muha, kando ya barabara ipandayo milimani kuelekea Ijenda, nao ulijaa watu hasa baada ya uhuru, watu walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi za mjini.

Musaga haukuwa na mitambo mikubwa. Mitambo ilikuwa upande wa pili wa mji, kuelekea bandarini na kaskazini: kiwanda cha bia cha Brarudi, kilichoanzishwa mwaka 1955, maghala ya kahawa, viwanda vya sabuni na vya mafuta, na baadaye kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China. Musaga palikuwa mahali walipolala watu walioiendesha mitambo hiyo. Saa kumi na moja alfajiri tulisikia milango ya mabati ikifunguliwa nyumba baada ya nyumba, kisha vikohozi, kisha nyayo nyingi zikiteremka kuelekea daraja la Muha. Wengi walikwenda kwa miguu mwendo wa zaidi ya saa moja. Jioni walirudi, na sisi watoto tuliweza kumtambua mtu gizani kwa harufu ya kazi yake: huyu kimea, yule sabuni, huyu vumbi la kahawa, yule mafuta ya magari.

Katika mtaa kama huo mtoto hakuwa wa nyumba moja. Aliyeiba embe alichapwa papo hapo na mama wa mtu mwingine, kisha akachapwa tena nyumbani kwa kosa la kumsumbua mama huyo. Chumvi iliombwa bila haya, na makaa ya moto yalichukuliwa kwa jirani juu ya kigae. Akina mama walikuwa na upatu wao, ambao kwetu huitwa kirimba: kila mmoja alitoa kidogo kila juma, na kila juma mmoja wao alipokea kilichotolewa na wote. Hapakuwa na hati wala sahihi; dhamana yake ilikuwa uso wa mtu. Siku ya mshahara harufu ya ndagala ilienea mtaa mzima, na mtoto aliyekuwa mgeni katika nyumba wakati wa chakula hakuulizwa kama ameshiba. Aliambiwa anawe mikono.

Lugha nayo ilikuwa na nafasi yake. Nyumbani tulisema Kirundi. Darasani tulikutana na Kifaransa, na mwalimu mwenye fimbo. Lakini bombani, sokoni na uwanjani palitawala Kiswahili, kilicholetwa Musaga na watu wa bandarini, madereva, askari na wafanya biashara wa Buyenzi. Hakikuwa Kiswahili cha kupewa alama nzuri. Kilichanganya maneno ya Kirundi na ya Kifaransa, na viambishi vyake vilikwenda vilivyotaka. Hata hivyo ndicho tulichogombania na ndicho tulichopatania, na yamkini sababu mojawapo ya sisi kuwa walimu wa lugha hii ni kwamba tuliipata kwanza kama mchezo, kabla hatujaipata kama somo.

Hayo ndiyo tuliyoyaandika katika insha yetu, na hatuoni sababu ya kuyakana. Sasa tuyatazame kwa jicho la mtu anayetupinga.

Pingamizi la kwanza ni rahisi. Mtu atasema: ninyi mnausifu umaskini. Mlikula ndagala siku ya mshahara kwa sababu siku nyingine hamkuwa nazo, na mliomba chumvi kwa jirani kwa sababu ya kwenu ilikuwa imekwisha. Mnauita udugu, kumbe ulikuwa uhitaji.

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alirudi jioni moja mkono umefungwa kitambaa. Mashine ilikuwa imemkata vidole viwili. Pale alipofanya kazi hawakumpa kitu kinachostahili kuitwa fidia. Na sisi watoto tulifanya nini? Tulimpa jina la utani kwa hesabu ya vidole vilivyobaki, naye alicheka pamoja nasi. Kwa miaka mingi tuliikumbuka habari hiyo kama kichekesho. Leo, tukiwa na umri unaozidi aliokuwa nao siku ile, twajua kwamba mtu huyo alikuwa na watoto watano, na kwamba kicheko chake kilikuwa zawadi aliyotupa sisi kwa gharama yake mwenyewe. Vivyo hivyo akina mama waliotugawia chakula: mtoto huukumbuka mkono uliompa, lakini hakumbuki kama mwenye mkono huo naye alikula.

Hata hivyo pingamizi hili halibatilishi wema wenyewe. Uhitaji peke yake hauzai udugu. Penye uhitaji mtu aweza pia kufunga mlango, kuficha chungu na kuwafukuza watoto wa watu, na mitaa ya namna hiyo ipo. Kama majirani zetu waligawana, waliamua kugawana, na uamuzi huo ni wao. Tukiuita uhitaji tu, tutakuwa tumewanyang'anya hata hicho. Kwa hiyo jibu letu kwa pingamizi la kwanza ni kwamba kumbukumbu yetu ilikuwa ya kweli lakini pungufu: ilitaja kilichotolewa, ikasahau kumtaja mlipaji. Kasoro hii hurekebishwa kwa kuongeza, na mtu mzima mwenye adabu huweza kuirekebisha.

Pingamizi la pili ndilo zito, na hapa ndipo tunapoifikia baiskeli.

Nyumbani kwa mwenzetu yule palikuwa na baiskeli iliyotundikwa ukutani kwa misumari miwili. Ilikuwa nzima. Mama yake aliifuta vumbi na kuutia mafuta mnyororo wake, lakini haikupandwa na mtu. Sisi ambao nyumbani kwetu hapakuwa na baiskeli tuliitamani sana. Tulimsumbua atuazimie, naye alijibu kama alivyofundishwa: "Ni ya baba. Baba amesafiri." Safari hiyo ilidumu utoto wetu wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza amekwenda wapi.

Baba yake alikwenda kazini kwa baiskeli hiyo asubuhi moja ya Mei 1972. Jioni baiskeli ilirudishwa na mfanyakazi mwenziwe. Yeye mwenyewe hakurudi.

Msomaji wa Burundi hahitaji kuelezwa mwaka huo; kwa Kirundi huitwa Ikiza, yaani janga. Mwishoni mwa Aprili 1972 palizuka uasi kusini mwa nchi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha serikali ya Michel Micombero iliwageukia Wahutu nchi nzima, hasa wale waliokuwa na elimu au kazi: walimu, wanafunzi, makarani, mafundi, askari. Watu waliitwa kwa majina, wakapakiwa katika malori, na hawakuonekana tena. Watafiti wengi hukadiria waliouawa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Familia zao hazikupewa maiti wala ruhusa ya matanga. Mjane hakuweza kuitwa mjane. Mumewe alikuwa amesafiri.

Sasa, watu wa umri wetu hupenda kusema hivi: "Tulipokuwa watoto hatukujua nani Mhutu na nani Mtutsi. Tulikuwa watoto wa Musaga tu." Sisi wenyewe tumelisema neno hilo mara nyingi, hata mbele ya wageni, kama ushahidi kwamba chuki haikuwa ya asili yetu. Ni neno la kweli. Sisi hatukujua. Lakini yeye alijua. Alijua akiwa na umri wa miaka sita, maana alifundishwa asiseme. Na chini ya Jamhuri ya Pili ya Jean-Baptiste Bagaza, iliyotawala tangu 1976 hadi 1987, kuyataja majina hayo ya kikabila hadharani kulihesabiwa kuwa ni kuleta mfarakano. Kwa hiyo serikali ilinyamaza, mtaa ulinyamaza, na mtoto alinyamaza. Na sisi tulicheza mpira katikati ya ukimya huo, tukauita amani.

Huo ndio uzito wa pingamizi la pili. La kwanza lilisema kwamba utamu wetu ulilipiwa na jasho la wazazi, na jasho la mzazi kwa mtoto hutolewa kwa hiari. Hili lasema kwamba usafi wa mioyo yetu, jambo tulilojivunia kuliko yote, ulilipiwa na mtoto mwenzetu, tena bila hiari yake. Tungaliweza kuuliza. Akina mama waliobeba vikapu vya chakula kwenda gereza la Mpimba walipita mbele yetu, na hilo pia hatukuuliza. Mtoto huuliza kwa nini mwezi unatufuata njiani. Huacha kuuliza pale tu anapohisi kwamba jibu litamharibia mchezo.

Na tusidhani kwamba ukimya ule uliizuia shari. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo huo, aliuawa na wanajeshi. Watutsi wengi waliuawa mikoani, na Wahutu wengi waliuawa na jeshi katika kulipiza kisasi. Katika miaka ya 1994 na 1995 mji wa Bujumbura uligawanyika mtaa kwa mtaa. Watutsi walifukuzwa Kamenge na Kinama. Wahutu walifukuzwa Musaga, Nyakabiga, Ngagara na kwingineko. Nyumba iliyopakana na yetu ilibaki tupu siku moja tu, kisha ikaingiwa na watu wengine. Mwenzetu na mama yake waliondoka usiku, hawakuchukua ila walichoweza kubeba. Baiskeli ilibaki ukutani. Wengine katika vijana waliowafukuza watu walikuwa wamekula katika nyumba zile zile, na walikuwa wameambiwa mara nyingi wanawe mikono.

Basi hapa mtu mwenye busara atatuletea methali: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni methali tunayoipenda, na sisi walimu tumeifundisha miaka mingi. Burundi imepita vita. Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Watu wamerudi, wengine Musaga kwenyewe. Kuna faida gani kuyafukua?

Hatuidharau hoja hii. Kuna kukumbuka kunakowasha moto, na wapo watu ambao hula kwa kuhesabu maiti wa upande wao peke yao. Lakini tuichunguze methali yenyewe. Neno lake la kazi ni "tugange." Mganga mwema hana budi kumwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na wapi, asiyeuliza huganga asichokijua. Na kuna methali nyingine, isiyofundishwa sana, isemayo kwamba mtenda husahau, mtendwa hasahau. Tukiziweka hizi mbili pamoja tutaona jambo moja: ile ya kwanza ina maana nzuri ikitamkwa na mtendwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kusamehe. Ikitamkwa na mtenda, au na sisi tuliokuwa tukitazama, yageuka kuwa njia ya kumwambia mwingine anyamaze kwa mara ya pili.

Mwaka 2020 tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya halaiki ya mwaka 1972 katika mkoa wa Karusi, karibu na mto Ruvubu, na kutoa zaidi ya miili 6,000. Baadhi ya watu walitambuliwa kwa nguo, miwani au rozari zao. Miaka arobaini na minane ilikuwa imepita, na bado palikuwa na jamaa waliokuwa wakisubiri kuambiwa kwamba safari imekwisha. Kwao yaliyopita yalikuwa hayajapata kupita.

Yatupasa pia, sisi walimu wa Kiswahili, tujihadhari na kosa jingine. Twapenda kusema kwamba lugha yetu huunganisha, kwa kuwa si ya kabila moja. Ni kweli kwamba katika uwanja wa Musaga Kiswahili kilikuwa cha wote. Ni kweli pia kwamba baada ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 1 Julai 2007, lugha hii ilipata mlango wa shule za msingi, nasi tulishangilia. Lakini Warundi wote walikuwa na lugha moja tangu zamani, Kirundi, na lugha hiyo moja haikumwokoa hata mtu mmoja. Muuaji na aliyeuawa walielewana kila neno. Tena tukumbuke kwamba neno "umuswahili," katika vinywa vya wengi nchini kwetu, lilikuwa tusi lenye maana ya mwongo na mjanja; hata lugha ya kuunganisha yaweza kufanywa alama ya kumtenga mtu. Lugha ni chombo. Huweza kubeba swali ambalo halikuulizwa, lakini haiwezi kuliuliza yenyewe.

Je, basi, tuseme kwamba watoto wa Musaga walikuwa na hatia? Mtakatifu Augustino, yule Mwafrika wa Thagaste aliyeandika Maungamo mwishoni mwa karne ya nne, alijihukumu vikali kwa pea alizoiba ujanani pamoja na rafiki zake, akaona kwamba waliiba kwa raha ya kuiba na si kwa njaa. Karibu na kwetu zaidi, Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, alitoa mwaka 2016 riwaya yake Petit Pays, ambamo wavulana wa mtaa wa Kinanira, upande huo huo wa kusini wa mji, huiba maembe ya majirani kabla vita havijawafikia. Watoto wa riwaya hiyo wanakaa katika nyumba zenye bustani, na sisi tulikaa katika nyumba za mabati. Lakini swali lao ni letu: mtoto huanza lini kuwajibika kwa ulimwengu alioukuta?

Sisi hatuthubutu kwenda mbali kama Augustino. Twaona kwamba yapasa kutenganisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani hatia na deni. Hatia ni ya mtenda. Hairithiwi, wala mtoto asiyejua hana. Mtu akituambia kwamba tulitenda dhambi kwa kucheza mpira, tutakataa. Lakini deni ni jambo jingine. Deni halimtafuti mkosaji, lamtafuta aliyepokea. Katika mila zetu mtu akifa, watoto wake hawaulizwi kama walikuwapo siku marehemu alipokopa. Huulizwa kama wanaichukua mali yake. Wakisema ndiyo, huchukua na madeni; haijuzu kuchukua ng'ombe na kuwaachia wengine wadai.

Na sisi tumeichukua mali. Tumeuchukua utamu wa Musaga, tumeutumia kama mtaji wa maisha yetu, tumeupamba katika insha na kuusoma darasani. Kwa hiyo twachukua na deni lake, ijapokuwa siku lilipokopwa tulikuwa watoto. Deni hilo halilipwi kwa kuukana utamu. Wahenga walituagiza kwamba Mgala muue na haki yake umpe, basi sembuse majirani waliotulisha? Lalipwa kwa kumpa mahali katika simulizi yule aliyelipa bila kuulizwa. Kumbukumbu isiyo na nafasi ya mtu huyo yaweza kuwa ya kweli katika kila neno, na bado ikawa si ya haki, kama ushahidi wa shahidi ambaye hakusema uongo bali alichagua maswali ya kujibu. Hivyo ndivyo tunavyolijibu swali tuliloanza nalo: naam, mtu aweza kusema kweli tupu na akamdhulumu mwenziwe.

Laonekana kwamba jambo hili lina maana hata kwa kazi yetu ya darasani. Hatusemi walimu waache kutoa insha ya utoto, wala hatusemi wawalazimishe watoto kufunua majeraha yao ili wapate alama. Huo ungekuwa ukatili mpya. Katika darasa lolote la nchi zetu, Bujumbura, Goma, Kigoma au kwingineko, yuko mwanafunzi ambaye atarudisha ukurasa wenye mistari mitatu. Tumezoea kumwandikia kwa wino mwekundu: "Fupi mno." Pengine huyo ndiye aliyeufikiria utoto wake kuliko wenziwe wote. Tumwachie uhuru wa kuandika juu ya kitu kingine, na tusimhesabie ukimya kuwa uvivu. Na kwa wale wanaoandika kurasa nne za furaha, tuwafundishe swali moja la kuongeza, ambalo halimo katika vitabu vya utungaji: nani alikuwapo, na hakucheka?

Tulimrudia mwenzetu, tukamwomba ruhusa ya kuandika habari ya baiskeli. Alirudi Bujumbura baada ya miaka mingi ya ukimbizi nchini Tanzania, na sasa anakaa mtaa mwingine. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba yeye pia anaukumbuka mpira wa matambara, na kwamba alikuwa golikipa mzuri kuliko tulivyoandika. "Msiniandike kama mtu aliyekuwa akilia tu," akasema. "Nilicheza. Nilikuwa nikicheza huku nikisikiliza malori."

Hilo hatukuwa tumelifikiri. Tulikuwa tayari kuurudisha utamu wote kama mali isiyo yetu, kumbe naye anadai sehemu yake.

Insha ya kielelezo bado tunaisoma darasani. Sasa ina aya mbili zaidi: moja ya baiskeli, na moja ya golikipa.